Ukungu katikati ya vioo viwili: jinsi ya kubadilisha kioo bila kung'oa dirisha

Kila Novemba ikiingia hapa Uingereza, simu yangu hujaa picha za madirisha. Kioo cheupe, kama kimepuliziwa mvuke wa birika, na chini yake swali lile lile: "Kaka, nifute na nini?" Nimejibu mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo leo naandika mara moja.

Wengi wetu tumekulia kwenye madirisha ya nondo na wavu, ya luva, au ya alumini ya kusukuma yenye kioo kimoja. Hakuna aliyetuambia kwamba huku kioo ni vipande viwili vilivyogandishwa pamoja, na kwamba vikiharibika unaweza kubadilisha kioo chenyewe ukaacha fremu ikakaa palepale. Matokeo yake, mtu anapigiwa hesabu ya madirisha mapya ya nyumba nzima wakati anahitaji vioo vitatu tu.

Mwongozo huu ni wa fremu za plastiki, zile nyeupe za uPVC zilizojaa nchi nzima. Fremu za mbao na za alumini za zamani zina mambo yake, sitazigusa.

Kabla ya yote: umande uko upande gani?

Pitisha kidole kwenye kioo ukiwa ndani. Kisha toka nje ufanye vivyo hivyo.

Kidole kikilowa ukiwa chumbani, kioo chako ni kizima. Tatizo ni unyevu wa nyumba. Chumba chenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60, kitu chochote kilichopoa kufika nyuzi 12 kitatoka jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Sufuria ya pilau isiyo na kifuniko, nguo zilizoanikwa juu ya radieta, watu wanne wamelala chumba kimoja madirisha yote yamefungwa: maji hayo yanakwenda kwenye kioo. Fungua vile vitundu vya hewa vilivyo juu ya fremu (najua umeviziba kwa tepu, vizibue), washa feni ya jikoni, anika nguo chumba kimoja mlango ukiwa umefungwa na dirisha wazi kidogo. Usipofanya hivyo kuvu itaanza kwenye kona za ukuta, na kubadilisha kioo hakutakuokoa.

Kidole kikilowa upande wa nje, shukuru. Kioo chako kinazuia joto vizuri kiasi kwamba uso wa nje umebaki baridi, na umande wa asubuhi umeukalia. Waliozoea viyoyozi vya Dar au Mombasa wameshaona kioo cha chumba baridi kikilowa upande wa nje.

Ukifuta ndani, ukafuta nje, na ukungu bado upo, basi uko katikati. Huo ndio tunaoushughulikia hapa.

Nini kimeharibika

Kwa ufupi tu. Kioo pacha kina vipande viwili vilivyotenganishwa na ufito mwembamba kuzunguka ukingo wote. Ndani ya ufito huo kuna chembe za kunyonya unyevu, ndugu wa zile za kwenye vipakiti vya boksi la viatu. Ukingo umezibwa kwa gundi. Gundi ikichoka, au ikikaa ndani ya maji miaka mingi, hewa yenye unyevu huingia kidogo kidogo. Chembe zinanyonya mpaka zinashiba. Zikishashiba, maji hayana pa kwenda isipokuwa kwenye kioo.

Kuna watu watakuja kukutobolea vitundu kwenye kioo ili kikauke. Kitakauka, ni kweli. Lakini gesi ya argoni, ile inayojazwa kati ya vioo ili kuzuia joto lisipotee, kama ilikuwemo imeshaondoka, chembe zimeshiba, gundi bado imekufa, na sasa kioo kina matundu. Mimi siwezi kukushauri ulipie kitu hicho.

Kabla hujatoa pesa

Angalia karatasi za nyumba. Madirisha mengi hapa huuzwa na dhamana ya miaka 10, na tarehe ya kutengenezwa mara nyingi imechapwa kwenye ule ufito kati ya vioo; sogeza jicho pembeni utaiona. Kama muda haujaisha, piga simu kwa aliyeyaweka kabla hujashika chombo chochote.

Kama umepanga, usiguse. Kwa England, kifungu cha 11 cha sheria ya wapangishaji na wapangaji ya mwaka 1985 kinamtaka mwenye nyumba atunze muundo na nje ya nyumba, na dirisha limo humo. Mwandikie, ambatanisha picha. Kama umenunua fleti, soma mkataba wako kwanza, kwa sababu mara nyingine fremu na hata kioo ni mali ya mwenye jengo.

Na cheti cha FENSA, kile cha kuthibitisha kwamba dirisha limewekwa kwa kufuata kanuni za ujenzi, ambacho watu hutishiwa nacho? Hicho ni cha kubadilisha dirisha zima. Kuweka kioo kipya kwenye fremu ile ile ni matengenezo.

Ghorofani, kama kioo kinatolewa kwa nje, mpe fundi. Kioo cha milimita 4 mara mbili kina uzito wa kilo 20 kwa kila mita moja ya mraba. Dirisha la mita 1 kwa mita 1.2 ni kilo 24, karibu nusu mfuko wa saruji. Huwezi kupanda nalo ngazi.

Utakavyohitaji

- Tepu ya chuma yenye milimita, na kalipa kama unayo
- Kisu kipana cha puti, kigumu, kisicho na makali
- Nyundo ya mpira
- Kabari bapa za plastiki za unene mbalimbali, kuanzia milimita 1 hadi 5 au 6. Huuzwa kwa pakiti, kila unene na rangi yake
- Glavu nene za kuzuia kukatwa, miwani ya kujikinga, na viatu vilivyofunika vidole (kandambili hapana)
- Tepu ya karatasi ya wapaka rangi, penseli, kipande cha kadibodi
- Blanketi kuukuu au zulia
- Maji yenye matone ya sabuni ya vyombo
- Mtu wa pili mwenye mikono inayosikia maelekezo

Silikoni sikuiweka hapo, na sikuisahau. Utaona kwa nini.

Kupima na kuagiza

Kazi yote iko hapa. Kuweka kioo ni nusu saa. Kipimo kibaya ni wiki mbili na pesa ya kioo kingine.

1. Tafuta vibanio. Hivi ni vile vijiti vya plastiki vinavyozunguka kioo, vimekutana kwenye kona kwa mshazari au kimoja kimegota kwenye kingine. Vikiwa upande wa chumbani, kazi utaifanya ukiwa ndani. Madirisha mengi ya zamani vibanio viko nje.

2. Toa kibanio kimoja cha ubavuni na kimoja cha chini tu (namna ya kuvitoa iko hatua ya 8). Vingine viwili viache vishike kioo. Usivitoe vyote vinne ili "uone vizuri", kioo kitakufuata.

3. Pima kioo cha zamani chenyewe kutoka ukingo hadi ukingo, kwa milimita. Halafu pima shimo la fremu, plastiki hadi plastiki: upana juu, katikati na chini, urefu kushoto, katikati na kulia. Chukua upana mdogo kuliko zote na urefu mdogo kuliko zote, kila kimoja utoe milimita 10. Hizo ni nafasi ya milimita 5 kila upande, kwa ajili ya kabari na kwa ajili ya maji kupita. Vipimo viwili vikikaribiana, uko sawa. Vikitofautiana sana, aliyeweka kioo cha mwanzo alikosea: fuata shimo.

4. Pima unene, kutoka uso wa nje wa kioo cha kwanza hadi uso wa nje wa kioo cha pili. Utapata 20, 24 au 28 mara nyingi. Iliyozoeleka kwenye fremu za miaka ya karibuni ni 28: kioo cha 4, nafasi ya 20, kioo cha 4. Usidanganywe na wazo la kuongeza unene ili nyumba ipate joto. Kibanio kimetengenezwa kwa unene mmoja, na hakitaingia.

5. Angalia kama kioo kina utando wa kuzuia joto. Usiku, zima taa, sogeza kiberiti cha gesi karibu na kioo. Utaona vimuli vinne vimepangana, kwa sababu nyuso za vioo ni nne. Kimoja kikiwa na rangi tofauti na wenzake, utando upo. Hata kama haupo, agiza chenye utando na argoni: nyongeza ya bei ni ndogo, na joto linalopotea kwenye kioo hushuka hata chini ya nusu ya lile la kioo pacha cha kizamani.

6. Angalia mahali dirisha lilipo. Kwa kanuni za ujenzi za England, kioo kilicho chini ya milimita 800 kutoka sakafuni lazima kiwe cha usalama. Kwenye mlango, na kwenye kioo kilicho ndani ya milimita 300 kutoka ukingo wa mlango, mpaka ni milimita 1,500. Cha usalama maana yake kilichokazwa kwa moto, kile mafundi wa nyumbani wanachokiita tempa, au chenye utando wa kukishikilia kikivunjika. Kwenye kona yake utakuta muhuri mdogo. Kumbuka kioo cha tempa hakikatwi wala kusagwa kikishatoka kiwandani. Ukikosea milimita 3, umekosea moja kwa moja.

7. Agiza kwa maandishi, upana kwanza, urefu baadaye. Dukani watazungumza lugha yao: "sealed unit" ndiyo kioo pacha, "toughened" ndiyo tempa, "packers" ndizo kabari. Waambie pia rangi ya ufito, na kama kuna maua au miraba ndani.

Kuhusu upana na urefu, kioo kitupu ukikosea unakigeuza tu. Changu cha kwanza kilikuwa cha bafuni, chenye mchoro wa majani. Majani yamelala ubavu mpaka leo, na kila mgeni akitoka huko ananiuliza.

Kuondoa na kuweka

Chagua siku isiyo na mvua na isiyo na baridi kali, kwa sababu plastiki ya vibanio ikipoa sana hukatika. Usitoe kioo cha zamani kabla kipya hakijafika na hujakipima ukiwa palepale mlangoni.

8. Anza na kibanio kirefu. Weka ncha ya kisu kati ya kibanio na fremu, katikati ya urefu wake. Si kati ya kibanio na kioo! Gonga taratibu mpaka kisu kizame, kisha kisukume kuelekea upande wa kioo hadi kibanio kiruke. Kikishapinda katikati, kivute kwa mkono hadi kona. Kibandike tepu, andika "juu", "chini", "kulia", "kushoto". Vinafanana kwa macho, havifanani kwa milimita.

9. Kabla ya kutoa kibanio cha mwisho, ambacho kiwe cha juu, mwenzako aweke viganja viwili kwenye kioo. Kama kioo kimepasuka, kibandike tepu pande zote kwanza.

10. Inamisha kioo kutoka juu, kiinue kidogo, kitoe. Kikigoma, kwenye madirisha yenye vibanio vya nje huenda kimegandishwa kwa tepu ya usalama. Pitisha kisu chembamba kuizunguka polepole. Kisimamishe kwa ukingo wake juu ya blanketi, kiegemee ukuta. Kisiguse sakafu kwa kona: tempa ni ngumu katikati, lakini kona ikigota kwenye kigae inamwagika yote kama chumvi.

11. Piga picha ya kabari zilivyokaa kabla hujazigusa. Picha hiyo utaihitaji.

12. Safisha shimo la fremu. Kuna vitundu vya kutolea maji chini. Zibua, kisha mimina kikombe cha maji uone kama yanatoka nje. Vitundu vilivyoziba ndivyo vilivyokiua kioo cha zamani mara nyingi, kwa hiyo ukiruka hatua hii utanitumia picha tena. Angalia na mpira wa fremu. Ukiwa mkavu na umesinyaa, weka mwingine, na uukate mrefu kidogo kuliko nafasi yake, maana baadaye hujivuta.

13. Weka kabari mbili chini, kila moja umbali wa kiganja kutoka kona. Upana wa kabari ubebe vioo vyote viwili. Ikibeba kimoja, kingine kitateremka na gundi itachanika. Isizibe kitundu cha maji.

14. Ingiza kioo kipya: chini kwanza, kikae juu ya kabari, kisha kisukume juu. Kibandiko kitakuonyesha upande wa nje. Usikitoe mpaka umalize. Hakikisha nafasi imezunguka sawa pande zote.

15. Kama dirisha linafunguka kwa bawaba za ubavuni, au ni mlango, hapa ndipo wengi huharibu. Umeona geti la mbao lilivyo na ubao wa mshazari kutoka bawaba ya chini kwenda juu upande wa pili? Kioo chako ndicho ubao huo. Weka kabari kwenye kona ya chini upande wa bawaba, na nyingine kona ya juu upande wa kitasa, huku mwenzako akinyanyua kidogo upande wa kitasa. Fremu itabebwa na kioo. Dirisha lisilofunguka halihitaji hili. Na kwa dirisha dogo lenye bawaba juu, fuata picha uliyopiga.

16. Rudisha vibanio, vifupi kwanza, virefu mwisho. Ingiza ncha mbili kwenye kona, kikunje kidogo katikati, kisha gonga kwa nyundo ya mpira kutoka pembeni kuja katikati. Lowesha mpira wake kwa maji ya sabuni. Kinga kioo kwa kadibodi, na nyundo iende upande wa fremu.

17. Fungua na ufunge dirisha mara kumi.

Sasa ile silikoni. Watu hupenda kuzungusha mstari wa silikoni kati ya kioo na fremu "ili maji yasiingie". Fremu hii imetengenezwa maji yaingie kidogo na yatoke kwa vitundu. Ukiziba, yanabaki ndani yakilowesha ukingo wa kioo. Mbaya zaidi, silikoni inayonuka siki inaweza kuila gundi ya ukingo.

Mambo yakienda kombo

*Kibanio cha mwisho hakiingii.* Kwanza hakikisha hukubadilisha kulia na kushoto. Kisha bonyeza kioo kwa viganja kuelekea upande wa pili, labda hakijakaa sawasawa kwenye mpira. Kama bado, pima unene. Kioo cha 28 kikiwa kwenye fremu ya 24, hakuna nyundo itakayokusaidia.

*Kioo kipya ni kikubwa kwa shimo.* Kirudishe. Usikikandamize, na usichonge fremu. Kama karatasi uliyoandika inaonyesha kipimo sahihi, kosa ni lao.

*Dirisha lilikuwa linafunga, sasa kitasa kinagota.* Kabari za mshazari zimepungua. Toa kibanio cha upande wa kitasa na cha juu, ongeza kabari ya milimita 1 au 2 kwenye kona ile ya juu, jaribu tena. Hii ni dakika kumi, usiite fundi.

*Kioo kinatikisika upepo ukivuma.* Mpira umechoka, au umewekwa wa wembamba usiofaa. Peleka kipande chake dukani walinganishe.

*Ufa umetokea kwenye kona siku ya pili.* Kisu au nyundo iligusa ukingo, au kioo kimekalia plastiki tupu bila kabari. Toa kibanio cha chini uangalie.

*Rangi haifanani na vioo vya jirani yake.* Ni utando wa kuzuia joto, una wekundu au ukijani kidogo ukitazama kwa pembeni. Utazoea. Kama hutazoea, badilisha vyote vya upande huo wa nyumba.

*Kioo cha zamani nakitupa wapi?* Kituo cha taka cha halmashauri, kikiwa kimebandikwa tepu. Si kwenye pipa la chupa. Kioo cha dirisha hakiyeyushwi pamoja na chupa.

*Ukungu umerudi katikati baada ya miezi michache.* Kibaya kimetoka kiwandani, au kinakaa majini. Mimina tena kikombe cha maji kwenye vitundu. Yakitoka vizuri, piga picha ya maandishi ya kwenye ufito, tafuta risiti, udai dhamana.

*Asubuhi kuna umande kwenye kioo kipya, tena upande wa nje, vile vya zamani pembeni yake vikavu.* Picha hizi nazo nazipata nyingi, hasa masika ya huku, Aprili hivi. Kunywa chai, jua likipanda utakauka.